Mluzi Chini ya Kabureta

Kwetu vyumba vya kulala ni vitatu. Kimoja cha baba na mama. Kimoja cha wadogo zangu wawili wa kiume, na humo huingii bila kuziba pua. Cha tatu nalala mimi na bibi, kitanda kimoja, blanketi moja, na bibi akilala anaongea Kihehe na watu waliokufa kabla sijazaliwa. Ukitaka kukaa peke yako kwetu uende chooni, na hata huko baada ya dakika tano mtu anagonga anauliza kama umezama.

Kwa hiyo chumba changu kilikuwa gari.

Gari lenyewe ni lile la zamani la kupandia milima, la pembe pembe kama kabati lililolazwa, linavuta kwa matairi yote manne na linakunywa petroli kwa kabureta. Baba alilipata kanisani. Usharikani kwetu siku ya mavuno watu huleta walichovuna: mahindi, maboga, viazi, kuku waliofungwa miguu. Ibada ikiisha vinanadiwa pale nje, mwinjilisti anageuka dalali, na watu wananunua boga kwa bei ya mbuzi ilimradi jirani asilipate. Mwaka juzi usharika ukaamua kunadi na gari lake chakavu. Baba alikuwa amekwenda kununua jogoo. Jirani yetu, mwalimu mstaafu wa sayansi, akanyoosha mkono. Huyo baba hajakubali amshinde katika jambo lolote tangu wagombee mpaka wa shamba. Mkono wa baba nao ukapanda. Baadaye alimwambia mama kwamba alikuwa anajikuna kwapa. Mama hakumsemesha mpaka Jumatano, na jogoo hatukula.

Likaegeshwa nyuma ya jiko, na jioni, baba akishashuka, mimi nahamia kiti cha nyuma. Nafunga milango, napandisha vioo, natoa kauntabuku yangu. Kwenye jalada nimeandika Bayolojia ili mtu asishawishike kuifungua. Ndani yake naandika kila kitu, kwa sababu mdomoni hakitoki. Shuleni mimi ndiye ninayeitika "nipo" kwa sauti ndogo hadi mwalimu ananiwekea sikuja. Lakini kwenye kauntabuku nina mdomo mchafu, hilo nakiri.

Masika yote gari lilikwenda vizuri. Lilipeleka mahindi mashineni, lilimpeleka bibi hospitali Tosamaganga na kumrudisha akiulaani uji wa huko njia nzima. Balaa lilianza Juni, kwenye ile baridi kavu, nikiwa likizo ya kidato cha tatu. Asubuhi lilikuwa linawaka bila shida. Likishapata moto, ukiachia tu mafuta, ule mngurumo wa gari lililosimama, ambao mafundi wanauita sailensi, ulianza kupanda na kushuka, uuu-mm, uuu-mm, kama mlevi anayetafuta tundu la kitasa. Kisha linatetemeka, linazima. Ukivuta choki, yaani ukilinywesha petroli nyingi na hewa kidogo, linatulia. Basi baba akawa anavuta kitufe cha choki anakibana na kibanio cha nguo cha mama kisirudi. Aliendesha hivyo wiki nzima, moshi mweusi nyuma, petroli ikiisha kama soda za harusini.

Mwishowe likamzimikia kwenye kile kilima cha kutoka Ipogolo kupanda mjini, likiwa na magunia ya viazi, na nyuma yake basi linalotoka Mbeya. Kondakta akashuka akamwuliza baba kama anapeleka gari makumbusho au ndiyo analitoa. Abiria wakacheka, wengine wakatoa simu wakapiga picha.

Baba alirudi akatangaza tukiwa tunakula. "Jumamosi wa chuma chakavu anakuja kulichukua. Nimechoka kuchekwa."

"Kibanio changu kirudi kabla hajaja," mama akasema.

Mimi niliacha tonge sahanini. Nilikwenda chooni kulia. Mdogo wangu akagonga akauliza kama nimezama.

Kesho yake mama alimlainisha baba. Akasema aitwe fundi kwanza, ajaribu hadi Ijumaa, ikishindikana ndiyo lipimwe kwa kilo. Fundi akaja Jumatatu saa nne. Ni mtu wa Mbeya, Mnyakyusa, mkubwa kama mlango wa ghala, amehamia huku kwa sababu ya mke, na hakuna siku inapita hajatukumbusha kwamba tulipewa upendeleo.

Mtaani kwetu ukifungua boneti ni kama umetundika turubai la msiba. Wanaume wanatokea bila kuitwa, wanashika viuno, wanasikitika. Mwalimu mstaafu alifika wa kwanza, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani. Mimi nilikuwa ndani ya gari, kiti cha nyuma, na hakuna aliyeniambia nishuke kwa sababu hakuna aliyeniona. Hiyo ndiyo faida ya kuwa mimi.

"Mzee, kabla sijagusa," fundi akamwuliza baba, "kuna kitu kimebadilishwa humu? Mpira, bomba, kifuniko, chochote?"

Baba alimtazama mwalimu, kisha akawatazama kuku. "Hakijaguswa kitu. Ni lilelile la usharika."

"Basi ni kabureta. Nyie watu wa Iringa baridi yenu inaingia hadi kwenye kabureta."

"Mbeya hakuna baridi?" mwalimu akauliza.

"Ipo, ila ina adabu. Mimi nimetengeneza magari ya wachimba dhahabu kule Chunya, mwalimu. Yanakula vumbi kama ugali, na sailensi imetulia tuli. Hili la kanisa ndilo litanishinda?"

Akaifungua kabureta, akaitandaza juu ya gunia. Zile jeti, vijitundu vya kupitishia petroli, akazipuliza kwa mdomo moja moja, akinyonya na kutema. Akaifunga. Likawaka, likakaa vizuri, wanaume wakapeana mikono. Baada ya robo saa, uuu-mm, uuu-mm, kimya.

Siku hiyo niliandika hivi, na nainakili kama ilivyo: *Fundi kaja saa nne. Kainama, kajamba, kasema ni kabureta. Mwalimu anasema tenki lina maji. Baba hajui kitu ila anakubaliana na wote wawili.*

Jumanne akabadili plagi. Ilikuwa siku ya ukungu na manyunyu, na gari likanguruma asubuhi nzima bila kuzima. Fundi akala kwetu, akasifia mboga, akaondoka kama mchungaji baada ya ubatizo. Jumatano jua likatoka. Saa nne likazima. Akaifungua tena kabureta, mara hii akaulaumu mpira wa floti, yaani lile boya dogo la ndani linalopima petroli. Mwalimu akaleta kitabu chake cha fizikia na kuanza kusoma juu ya mgandamizo wa hewa. Fundi akamwomba asogee, anamkingia mwanga.

Jumatano hiyohiyo ndipo nilipousikia. Nilikuwa nimehamia kiti cha mbele, vioo vimepandishwa, wao nje wanabishana. Injini ilipokuwa ya baridi sikusikia kitu. Ilipopata moto ukaanza mluzi mwembamba, sss, kama mtu anayevuta chai ya moto kupitia meno. Ulipoanza mluzi, sailensi nayo ikaanza kuyumba. Wao hawakuusikia kwa sababu walikuwa wanaongea. Wanaume wanne wamezunguka injini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaisikiliza.

Alhamisi nikarudi nyuma kwenye kauntabuku. Mimi huandika hali ya hewa kila siku, si kwa sababu ya maana, ni kwamba siku nyingi hakuna lingine lililotokea. Nikaona: siku za manyunyu, gari zima. Siku kavu, gari limekufa. Masika yote, zima. Nikazidi kurudi nyuma hadi Januari, nikakuta nilichokuwa nimekisahau.

*Leo baba katoa mpira unaotoka kwenye injini kwenda kusaidia breki, umeoza. Kasema breki ni mguu, si mpira. Kitundu kilichobaki chini ya kabureta kakiziba na kijiti cha mwanzi, kakichonga kwa kisu cha kugemea ulanzi, kakipaka lami kifanane na bolti. Anajiona injinia. Kasema nisimwambie mtu.*

Inabidi nieleze kwamba baba ni mgema. Ulanzi wa baba, ile pombe ya mwanzi, unajulikana vijiji vitatu. Kila asubuhi na jioni za masika anapita kwenye mianzi yake anachonga upya ncha za machipukizi, na kwa huyo mtu mwanzi ni dawa ya kila kitu. Uzio wetu mwanzi, banda la kuku mwanzi, antena ya redio imefungwa kwenye mwanzi. Sasa mwanzi ukinywa unyevu unavimba, unaziba kabisa. Ukikauka na kupata joto unasinyaa. Ukisinyaa juu ya injini, hewa inaingia pembeni yake bila kupita kwenye kabureta, petroli inakuwa kidogo kwa hewa ile, na gari linazima. Fundi alikuwa anaosha kabureta isiyo na kosa.

Nilijua. Na afadhali ningekuwa sijui. Kwa sababu kusema, kwanza, ni kusema, mbele ya wanaume. Pili, ni kumwambia fundi mbele ya mwalimu kwamba baba ndiye aliyeharibu, na kwamba Jumatatu, sijui alisahau au alidanganya, aliwatazama kuku. Nikanyamaza Alhamisi nzima. Jioni nikamfuata mama jikoni, nikamnong'oneza yote.

Mama aliendelea kupepeta mchele. "Kaseme mwenyewe. Mimi nikianza kusema habari za hilo gari nitasema na mengine."

Ijumaa saa tano fundi alianza kukusanya spana zake. "Mzee, nimeifungua mara nne. Nimeinyonya kama embe. Kabureta hii imekufa. Kwetu Mbeya tungeshaifukia na kula pilau."

"Nilijua," baba akasema. Akatoa simu mfukoni. "Basi nimwite wa chuma aje leoleo, tusipotezeane muda."

Nikashuka kwenye gari. Nikasimama nyuma yao. Injini ilikuwa bado inanguruma kwa choki.

"Linavuta hewa," nikasema.

Hakuna aliyegeuka. Baba alikuwa anatafuta namba. Nikasema tena, nikajisikia mwenyewe, ilikuwa sauti ya kumwomba mtu radhi. Nikarudi ndani ya gari, nikaweka viganja vyote viwili katikati ya usukani, nikabonyeza honi.

Honi ya gari lile ni ya zamani, inalia kama ng'ombe aliyekanyagwa. Fundi aliruka akagonga kichwa kwenye boneti. Mwalimu aliangusha fizikia yake. Bibi alitoka ndani na mwiko.

"Binti! Unataka kutuua?" fundi akapiga kelele, ameshika utosi.

"Linavuta hewa," nikasema kwa kioo kilichofunguliwa nusu, sikuwa na ujasiri wa kukishusha chote. "Chini ya kabureta. Likipata moto tu, kuna mluzi. Siku za manyunyu hakuna."

Wakanitazama kama vile kiti ndicho kilichosema.

"Umejuaje?" mwalimu akauliza.

"Nimeandika."

"Basi lete tuone," fundi akasema, na kabla sijafikiri mkono wake ulikuwa umepita dirishani na kuichukua kauntabuku kwenye dashibodi. "Bayolojia?" Akaifungua pale penye kalamu. Akaanza kusoma kwa sauti, sauti ile ya Mbeya ambayo haijawahi kuwa na siri. "*Jumatatu. Fundi kaja saa nne. Kainama, ka...*"

Midomo yake iliendelea kimyakimya. Mwalimu akanyoosha shingo akamalizia kusoma, kisha akatoa kicheko ambacho sikujua wastaafu wanacho.

"Kumbe ulisikika!" akamwambia fundi. "Mimi nilidhani ni egzosi!"

"Geuza ukurasa, mwalimu, na wewe umo," fundi akasema.

Alikuwemo. *Mwalimu kaleta kitabu. Kitabu kinanuka panya, na yeye pia kidogo.* Hilo alilisoma fundi, polepole, mara mbili. Mimi nilikuwa nimeteleza chini ya usukani, nimekaa penye pedali, nimejifunika kichwa kwa sweta ya shule. Nilisikia kurasa zinafunuliwa. Nikajua wanarudi nyuma wanafuata siku za mvua. Nikajua Januari inakuja. Na kweli nikamsikia fundi anaanza, "*Leo baba katoa mpira...*" na akaendelea hadi "anajiona injinia", sauti ikipungua kila neno.

Hapo nilitegemea chochote. Kofi, kauntabuku jikoni kwenye moto, mnada mwingine. Baba alikohoa.

"Nipeni maji," akasema. "Kidogo tu, ya kikombe."

Nikachungulia juu ya dashibodi, kwenye upenyo wa chini ya boneti. Bibi alimletea kikombe. Baba mwenyewe alinyoosha mkono dirishani, akasukuma kitufe cha choki ndani hadi mwisho, na gari likaanza tena ulevi wake, uuu-mm, uuu-mm. Akainama juu ya injini, akapitisha mkono chini ya kabureta, akadondosha matone pale penye lami. Mluzi ukageuka kukoroma kwa maji, kisha ukakatika. Sailensi ikapanda, ikanyooka, ikatulia. Hata kuku walionekana kusikiliza. Maji yalipokauka, mluzi ukarudi, na ulevi ukarudi nao.

Baba akazima injini. Akashika kijiti kwa vidole viwili akakivuta, kikatoka bila hata kubisha. Kilikuwa kimesinyaa kama kidole cha bibi.

"Masika kilikuwa kinaziba vizuri sana," akasema.

"Gari la usharika," mwalimu akaanza, na nikaona anavyolifurahia kila neno, "gari ambalo limebeba maaskofu, wewe ukaligema."

"Ungelinunua wewe lingekuwa linafuga kuku sasa hivi."

"Kuku wangenipa mayai. Hili limekupa nini?"

"Limenipa kukuona ukicheka. Miaka kumi na mbili tumekaa jirani, sijawahi."

Fundi hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anachakura kwenye kopo lake la bolti, akijaribu moja baada ya nyingine. "Mzee," akasema bila kugeuka, "nilikuuliza. Jumatatu. Nilikuuliza mbele ya watu."

"Uliniuliza mbele ya huyu," baba akasema, akimwonyesha mwalimu kwa kidevu. Na huo ndio ulikuwa msamaha wote aliotoa.

Bolti ikapatikana. Fundi akaizungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba, akaikaza. Akaapa kwamba wiki ijayo analeta mpira mpya wa breki na hataki kusikia habari za mguu. Kisha wakapanda wote, hadi mwalimu, wakaenda kulijaribu kwenye kilima cha Ipogolo saa saba ya jua kali, na mimi humohumo nyuma, kwa sababu nilikuwa nimejificha na wakasahau kunishusha. Katikati ya kilima fundi akamwambia baba asimame makusudi, aachie mafuta. Baba akavuta breki ya mkono, akaondoa mguu. Gari lilisimama pale linanguruma taratibu, halipandi, halishuki, na hakuna mluzi. Baba akashusha kioo akawa anawapungia watu wa kwenye mabasi, hata wasiomtazama.

Wa chuma chakavu alikuja Jumamosi kama walivyopatana. Mama akampa sufuria iliyotoboka na akamwonyesha njia.

Sikupigwa. Hakuna aliyenisema. Ila fundi alinirudishia kauntabuku amekunja ukurasa mmoja, na pembeni ameandika kwa mkono wenye grisi: *Si kweli, ilikuwa Jumanne.* Huko mtaani maneno yalienea, na kwa wiki mbili nikipita dukani wanaume walikuwa wananyamaza, wengine wananiuliza nimeandika nini juu yao. Nilikuwa najibu "hamna" na kukimbia. Sikugeuka kuwa msemaji. Shuleni bado naandikiwa sikuja.

Ila nilichokuwa sijakipigia hesabu ni hiki: gari zima halikai nyumbani. Alfajiri baba ameondoka nalo, mara viazi, mara mahindi, mara mgonjwa, mara anampeleka mwalimu kuchukua pensheni na wanatukanana njia nzima. Chumba changu nilikiokoa, kikaondoka. Kuna siku nilikaa chooni na kauntabuku nikawaza kwamba ningefunga mdomo tu. Halafu nikakumbuka kwamba saa hizi kingekuwa kinapimwa kwa kilo, nikaacha.

Jioni linarudi. Nilianza kulisubiri nyuma ya jiko, ili baba akishuka tu mimi nipande. Lakini baba alikuwa hashuki. Anazima injini, anabaki kwenye usukani, vioo vimepandishwa, hafanyi lolote. Dakika kumi, ishirini. Mama anaita chakula, haitiki. Mwanzo nilidhani anaumwa. Siku ya nne nikachoka kusimama kwenye baridi, nikafungua mlango wa nyuma, nikaingia bila kusema. Alinitazama kwenye kioo cha juu. Ndani ya nyumba walikuwa wanasikika wadogo zangu wanapigana, bibi anawagombeza, redio inaongea yenyewe.

Nikatoa kalamu.

"Unaniandika?" akauliza.

"Ndiyo."

Alifikiri kidogo. "Andika leo halijazima."

Nikaandika. Kisha akalaza kiti chake nyuma hadi kikagusa magoti yangu, akavua viatu, na gari lote likanuka soksi.